Siku Nilipompa Mgongo Mgeni Rasmi

Mwaka mzima nilishika daftari la mchezo, na mwaka mzima nilimwambia mwalimu wetu wa sanaa kwamba naweza kuimba. Alikuwa ametoka pwani, mpole wa maneno ila mbishi. Akasema sura yangu ni ya kazi, si ya jukwaa. Sura ya kazi! Sote katika kikundi kile tulikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo pale Mwanza, na mchezo wenyewe ulimhusu mama mkulima anayewaongoza wenzake kuhamia kijiji cha ujamaa, kwa nyimbo mwanzo hadi mwisho. Sasa mama mkulima awe na sura ya nini, ya biskuti?

Basi nikakaa pembeni na daftari langu, nikiwanong'oneza waliosahau maneno. Mama mkulima aliigizwa na binti mmoja wa chumba cha rangi, mzuri kweli, na sauti anayo, sisemi uongo.

Asubuhi ya sikukuu ya wakulima binti akaamka na matumbwitumbwi. Nilikwenda mwenyewe kwao Mabatini kumwangalia. Mashavu yalikuwa yamefura, hata uji haupiti. Akanishika mkono, akasema kwa shida, "Dada, nyimbo zote unazo wewe. Usikubali wazifute."

Na kweli mwalimu alitaka kuzifuta. Nilimkuta bwaloni akizungukazunguka, anasema tutasoma ngonjera badala yake. Nikamwambia hakuna ngonjera hapa, naingia mimi. Akaninyooshea kidole: niimbe nikimtazama mgeni rasmi muda wote, na nikiharibu nisahau jukwaa maisha yangu yote. Nikakubali. Gauni la binti halikunipita mabegani, nikavaa khanga zangu na jembe nikaazima kwa jirani.

Tulianza saa tisa alasiri, upande mmoja wa uwanja. Wakubwa walikaa mbele yangu chini ya turubai, na wananchi walisimama nyuma yangu kwenye jua. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili pia. Nimemkazia macho mgeni rasmi, naye anajipepea kwa karatasi ya hotuba, mara nikasikia ngoma nyuma yangu, kutoka upande wa pili wa uwanja. Kikundi cha bugobogobo, wale wanaocheza na majembe, kilikuwa kinajaribu ngoma zake kikisubiri zamu.

Kwa mwalimu zile zilikuwa kelele tu. Mimi, mtoto wa mcheza ngoma, nilijua tumekwisha. Kwetu Usukumani vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, saa ileile, na mshindi ni yule atakayewavuta watu kwake. Hakuna hakimu mwingine. Kwa hiyo watu waliposikia ngoma ya pili walifanya walichozoea tangu utotoni, wakaanza kuhama. Nilisikia miguu yao nyuma yangu, mingi, inakwenda zake.

Mwaka mzima nimengoja, halafu niimbie turubai?

Nikageuka. Nilimpa mgongo mgeni rasmi na meza yake yote, nikaweka jembe begani, nikaanza wimbo wa tatu kama baba alivyokuwa akianza wa kwake: mstari wangu, mstari wao, na aliyenyamaza namsogelea mpaka aitikie. Bibi mmoja mwenye kikapu akaitikia. Wakaitikia waliokuwa karibu naye, kisha waliokuwa wameshafika katikati ya uwanja wakarudi mbio, wengine wanacheka. Mwalimu alikuwa ananipungia mikono yote miwili. Nikajitia simwoni.

Jumatatu niliitwa kwa meneja. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba nimemdhalilisha mgeni rasmi. Mgeni mwenyewe nasikia alipiga makofi mpaka hotuba ikamdondoka, lakini nani alimwuliza? Wakataka niombe radhi kwa maandishi. Nilikuwa na watoto wawili na kazi ndiyo hiyo moja. Lakini kuomba radhi kwa kuimba vizuri? Thubutu.

"Nilimpa mgongo mtu mmoja nisiwape mgongo watu wote," nikasema. "Barua siandiki."

Hawakunifukuza. Walinirudisha kwenye daftari, na hiyo iliniuma kuliko kufukuzwa. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kwenye mashine.

Mchezo uleule tukauonyesha tena, safari hii Nyegezi. Binti alikuwa amepona, mashavu yamerudi mahali pake. Nyimbo mbili aliimba akiwatazama wakubwa kama alivyofundishwa. Ulipofika wa tatu akanitupia jicho pale pembeni, akaweka jembe begani, akawapa mgongo.

Mwalimu alinijia mbio akaninyang'anya daftari, akaniambia kuanzia leo sishiki tena. Nikamwachia. Nyimbo zote nilikuwa nazo kichwani, na binti alikuwa ameshaimba mstari wake, anangoja wa kuitikia. Nikaingia uwanjani.