Shampeni Isiyolia

Fsss. Mlio mdogo, kama pumzi ya mtu anayetua mzigo. Hivyo ndivyo alivyoisikia shampeni ya kwanza maishani mwake, siku mzee aliyemfundisha kazi ya mvinyo hotelini alipoishika chupa, akaizungusha polepole na kusema, "Hii haipasuliwi, binti. Inabembelezwa."

Akabembeleza chupa miaka kumi na tisa. Wenzake wakamwita Pua, maana angesimama mlangoni mwa jikoni akakwambia maziwa haya hayafiki kesho. Kisha ikaja homa, ikaondoka na harufu zote. Mvinyo ukawa maji, sabuni ikawa jiwe. Meneja akamhamishia chumba cha mashuka, akamwambia, "Ukipona, njoo nikujaribu."

Hakukaa kungoja kupona. Kila asubuhi alipanga vikopo vinne mezani: karafuu, kahawa, ganda la limau, siki. Alifumba macho, akanusa, akataja. Miezi kumi. Mwishowe harufu zikarudi moja moja, au alidhani zimerudi. Hapo ndipo palipomkereketa. Karafuu anaijua tangu utotoni; je, alikuwa akiinusa au akiikumbuka? Jaribio lilikuwa Jumatatu, na akishindwa nafasi ingepewa mtu mwingine. Alitaka kitu ambacho kumbukumbu yake haijawahi kukutana nacho.

Alikikuta Jumamosi mchana, katika duka la vinywaji nyuma ya kituo cha mafuta, ndani ya kikapu cha vitu vilivyoshushwa bei. Shampeni ya mavuno ya mwaka ambao yeye alikuwa bado anavaa sare ya shule. Lebo ilikuwa imeliwa na unyevu, mwaka tu ndio ulisomeka; hotelini hakuwahi kuonja iliyozeeka hivyo. Akaiinua kwenye mwanga: kinywaji kimejaa hadi shingoni, hakina ukungu, rangi yake ya kahawia kama chai nyepesi.

"Hiyo iache, mama," alisema mwenye duka, kwa uungwana. "Imeharibika. Mwenzake niliifungua juzi, haikulia hata pu! Mteja akanirudishia."

"Haijaharibika, imezeeka. Wewe ukizeeka utaruka sarakasi?"

Mwenye duka alicheka hadi akaishusha bei tena, ikawa kama ya kreti ya soda.

Nyumbani alimkuta wifi yake, mshonaji, akipiga pindo za mapazia. Wifi aliitazama chupa juu hadi chini kama posa asiyoitaka.

"Rahisi ghali, wifi. Wenzio wananunua dawa, wewe umenunua ugonjwa."

"Zima cherehani, ulete glasi mbili. Na karatasi."

Masharti yalikuwa machache. Wifi atanusa kwanza, ataandika alichonusa, ataifumbata karatasi, wala hatakitaja.

Chupa ililala kwenye friji hadi jioni. Kizibo kilitoka kwa shida, kikavu, bila kelele. Viputo vilipanda vichache, vyembamba kama uzi wa kutarizi. Wifi akanusa akakunja uso, akaonja, uso ukakunjuka wenyewe. "Ala!" Akaandika, akafumba ngumi.

Pua akanusa. Hakuna. Akanusa tena.

"Baridi tu," alisema.

Wifi alimwonea huruma. "Basi Jumatatu mwombe akuongeze muda, mpenzi. Mtu hakosi la kusema."

"Sitaomba muda. Baridi inafunga harufu. Wageni niliwaambia hivyo kila siku, leo nisijiambie mwenyewe?"

Akaikumbatia glasi kwa viganja viwili, akakaa nayo kama aliyeshika kifaranga. Nje mtu alipita akipiga mluzi, akapotea. Pua akanusa mara ya tatu: patupu. Hakuiweka glasi chini. Akapiga funda dogo, akalizungusha mdomoni. Ukali wake ukamfinya pembe za ulimi. Akameza, akavuta hewa taratibu kwa pua, akafumba macho.

Kitu kikaja kwa nyuma kabisa, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili.

"Njugu," alisema. "Njugu za kukaanga. Zimekaribia kuungua."

Wifi akaanza kufungua ngumi, macho yamemjaa maji, meno yote nje. Pua akaufunika mkono ule kwa wake, glasi ingali puani.

"Ngoja kwanza, wifi," akanong'ona. "Kuna na asali."