Jodari Aliyekuja na Posa

Sogea karibu, rafiki yangu, maana hili simwambii kila mtu. Wewe nakuamini, nikikuambia jambo hukimbii nalo kisimani kabla sijamaliza. Pale kwetu Nambilanje, Ruangwa, wameshasema mengi juu ya kijana aliyemposa binti yangu. Wengine walisema nikiwa nimekaa hapohapo nachambua mbaazi, kama vile sina masikio. Sasa nataka usikie kwangu mimi niliyekwenda kuona.

Kijana kwao ni Nachingwea. Ukoo wao tunaujua, watu wa swala, hawana neno. Lakini kazi yake ilikuwa Mtwara, na hiyo kazi ndiyo iliyoninyima usingizi. Mshenga alipokuja, kaka yangu ndiye aliyemhoji, maana kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtoto wa dada yake.

"Anafanya kazi gani huko?"

"Yuko kwenye boti. Watu wanaikodi, anawapeleka bahari kuu kuvua jodari."

"Wavuvi wanakodi boti?"

"Siyo wavuvi. Watu wa ofisi, wenye uwezo wao. Wanavua kwa starehe."

"Wakishavua wanauza wapi?"

"Hawauzi. Wanapiga picha. Wengine samaki wanawaachia wenye boti."

Kaka akanigeukia. "Dada, umewahi kumwona tajiri wa Dar amekodi jembe, amekuja hapa kulima ufuta kwa starehe?"

Nilicheka, lakini rohoni sikucheka. Boti inatoka alfajiri na watu wasiojulikana, inakwenda mahali pasipoonekana, inarudi jioni. Mimi ni mama. Huyu binti ndiye mtoto wangu wa kike pekee. Nikasema moyoni, hapa kuna kitu.

Mshenga alikuwa amebeba boksi la barafu kutoka kwa kijana, zawadi kwa mama mkwe. Alipoondoka tukalifungua. Ndani mlikuwa na mapande ya nyama. Mekundu, rafiki yangu. Mekundu kama paja la mbuzi, hayana mwiba, hayana gamba, hayana hata shombo. Sisi samaki tunayemjua ni dagaa, ni ng'onda, ni perege wa kukaushwa. Kaka alichukua kijiti akaligeuza pande moja, akafunika boksi harakaharaka.

"Huyu si samaki. Hii ni nyama pori."

Jirani yangu, ambaye hakualikwa ila alikuwa ameshafika, akachungulia. "Pori gani? Huyo ni nguruwe. Ona mafuta yake."

Nguruwe, nyumbani kwangu! Na kama si nguruwe, ni mnyama wa porini, na nyama pori ikikutwa kwako ujue ni jela. Sikuiruhusu iguse sufuria yangu. Kaka alichimba shimo nyuma ya choo tukafukia yote, na boksi nikalisugua kwa majivu. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni analia. "Mama, mmemfukia jodari." Nikamwambia anyamaze, yeye jodari alimwona wapi?

Kaka akasema jibu la posa nitoe mimi, kabla hatujaanza kupanda ufuta. Nikisema hapana, mshenga anarudisha maneno kwao na habari inaishia hapo. Binti yangu hakunisemesha tena siku zile. Ananiandalia chakula, ananitengea, anaondoka. Niliswali nikimwomba Mungu anionyeshe. Kisha nikafunga mzigo. Mimi ni mtu wa kuona. Nilijua kusoma ukubwani, kwenye masomo ya jioni, na hata huko mwalimu alichoka na mimi kwa sababu kila kitu nilitaka anionyeshe.

Mtwara nilikwenda na kaka. Kijana alipotuona tunafika ufukweni kwenye boti alishtuka, akachutama mbali nyuma ya mapipa, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikamjibu, nami nimetazama pembeni.

Lazima nikueleze hapa. Kwetu mama mkwe na mkwe hawasogeleani. Hamli pamoja, hampeani mkono, hata njiani mmoja anachepuka mwenzake apite. Ni heshima, na ukiivunja unalipa kuku. Huyu alikuwa bado hajawa mkwe, lakini mposaji naye anaanza kuishika heshima mapema. Sasa nikamwambia kaka amwambie kwamba kesho na mimi napanda hiyo boti.

"Mama atapanda?" kijana akauliza.

"Amesema atapanda."

"Na wewe, mjomba?"

"Mimi maji yanayozidi magoti nayatazama kwa mbali," kaka akasema.

Nahodha wa boti, mzee mfupi wa maneno machache, hakupenda. Ila mgeni aliyekodi, mfanyabiashara mnene kutoka Dar, alikuwa peke yake, wenzake walikuwa wamemwangusha. Akasema, "Mwache mama aje atuombee dua. Mwezi huu bahari haieleweki."

Ni kweli haikueleweka. Mwaka huu joto lilikuwa kali na mvua zilikuwa na wazimu, zinanyesha Nambilanje huku kwa jirani zetu Nandagala jua linapasua vichwa. Asubuhi ile nahodha alitazama simu yake mara nyingi, ikamwambia jua. Tukaondoka.

Nilivalishwa jaketi la kuokolea juu ya baibui, nikakaa mbele, mgongo kwao. Boti yenyewe ndogo, chumba changu cha kulala kinaishinda. Kijana akawa nyuma kabisa na fimbo za kuvulia. Akitaka kuniambia kitu anapitia kwa nahodha.

"Nahodha, muulize mama kama anataka maji."

"Mama, unataka maji?"

"Mwambie bado."

"Amesema bado."

Mgeni akaangua kicheko. "Lakini si mnasikiana nyinyi! Kutoka hapo hadi hapo hata paka anaruka!"

Mimi sikuwa na habari na kicheko. Nilikuwa nawachunguza. Nchi kavu ilipopotea nikamuuliza nahodha tunakwenda wapi. Akasema, "Huko mbele." Huko mbele wapi? "Mama, mahali hapo hapatajwi." Unaona? Halafu ikatokea boti nyingine nyuma yetu, mbali. Nahodha akaitazama, akakata kona, akaenda upande ambao si wetu, na kijana akazilaza fimbo zisionekane. Nikaanza kusoma kila dua ninayoijua. Nikasema leo nimejileta mwenyewe, hawa wana mzigo wao wanaupokea humu baharini, na mimi nitakamatwa nao nimevaa jaketi.

Boti ile ilipotoweka tukarudi njia yetu. Ndipo nikaona ndege weupe wanajitupa majini, na maji yanachemka kwa samaki wadogo. Fimbo moja ikajikunja. Mgeni akapiga ukelele kama mtoto. Alivutana na kile kitu mpaka shati likamlowa jasho, na mimi, Mungu anisamehe, nikageuka kabisa nikatazama.

Walipomvuta karibu kijana alichukua mti mrefu wenye ndoano, akamwopoa. Samaki mnene kama gunia, mgongo wa bluu, na mapezi ya njano kama manjano ya kupikia. Hapohapo kijana akachomoa kisu, akamchoma chini ya pezi. Damu ikamwagika boti nzima.

"Samaki anachinjwa?" nikauliza. Nilisahau hata kupitia kwa nahodha.

Kijana akajibu akiwa ameinama. "Nahodha, mwambie mama hatumchinji. Tunamtoa damu. Huyu mwili wake una joto, akiachwa na damu nyama inaharibika. Mama amguse, ataona."

Nikamgusa kwa kidole kimoja. Alikuwa na uvuguvugu kuzidi maji aliyotoka. Sikuipenda kabisa. Samaki gani ana joto la mnyama? Lakini alipompasua nikaona nyama yenyewe, nyekundu, haina tofauti na ile tuliyoifukia nyuma ya choo. Nahodha akaniambia, "Na ile boti ya nyuma ni wenzetu wa kazi hii hii. Wakipajua hapa, kesho tunakuta wamepanga foleni."

Nilisikia, lakini sikukubali yote. Nilijiambia, sawa, samaki yupo. Mtu je? Samaki halali anaweza kuvuliwa na mtu asiyefaa.

Nikiwa kwenye mawazo hayo, upepo ukakata. Joto likatukaba. Upande wa nchi kavu likainuka wingu jeusi, na simu ya nahodha bado inasema jua. Nahodha akasema tuondoke. Wakati huohuo fimbo ikajikunja tena, na safari hii mgeni alivutwa mpaka akashika ukingo. "Huyu ndiye mkubwa! Huyu ndiye niliyemfuata! Msiondoke!"

"Kata," nahodha akamwambia kijana.

"Asikate! Nimekodi mimi!"

Kijana akasimama katikati, kisu mkononi. Mvua ikashuka kabla hajaamua, mvua ya mawe kwa jinsi ilivyouma, na wimbi likaipiga boti ubavuni. Nilikuwa nimekaa, nikajikuta nimelala. Nikateleza kwenye ile damu ya jodari hadi ukingoni, miguu ikatoka nje.

Nilimwona akikata mshipi. Mgeni anapiga kelele, yeye hakumtazama. Akaja anatambaa, akafika karibu, akasimama. Akanyoosha ule mti, ndoano kaishika upande wake mwenyewe, mimi akanipa mpini.

"Shika mti, mama! Nisamehe, shika mti!"

Unaelewa alichofanya? Tunakufa, na yeye ananistahi. Nikaushika. Lakini mikono ililowa damu na mvua, mti ukaniponyoka, na wimbi la pili nikaliona linakuja.

Nikapiga kelele, "Mkwe! Nishike! Mkwe wangu, nishike!"

Akanishika. Mikono miwili, akanikumbatia kama gunia la korosho, akanivuta ndani, akakaa amenibana kwenye sakafu mpaka tufani ilipopita. Haikuchukua muda mrefu. Jua likatoka kama halijafanya kitu. Yeye akajitoa haraka akarudi nyuma kabisa ya boti, macho chini.

Mgeni alikuwa wa kwanza kusema. "Mama, umenipotezea jodari wa maisha yangu."

"Nitakulipa kuku," nikamwambia.

Nahodha yeye aliniuliza polepole, "Umemwita nani, mama?"

Nikajifanya nakamua baibui. Lakini nilijua. Kwetu neno hilo mama haliropoki. Ukishamwita mtu mkwe mbele ya mashahidi, umeshampa. Nilikuwa nimeijibu posa mwenyewe, kwa ukelele, baharini, kabla ya kaka yangu na kabla ya mwanangu.

Kaka alitupokea ufukweni akaniona nimelowa damu, akataka kupigana. Nikamwambia, "Tulia. Tafuta kuku wawili, mmoja wangu mmoja wa mkwe wako. Tumegusana." Kisha akauliza, "Umesema mkwe?" Nikasema ndiyo.

Sitakudanganya kwamba roho yangu imetulia moja kwa moja. Wingu likiinuka bado najiuliza huko Mtwara kuna nini, na bado simwelewi mtu anayelipia kuteseka. Ila kijana simshuku tena, na binti yangu amerudi kukaa nami jikoni. Ndoa ni baada ya mavuno ya ufuta, Mungu akipenda. Lakini huku bado wanasema ile boti ni ya magendo. Basi nimeyaandika haya yote; wewe uliyenifuata hadi hapa, usikae nayo peke yako. Mpe mwingine asome, na asiyejua kusoma umsomee, Nachingwea kwao na Ruangwa kwetu, ili binti yangu aolewe bila watu kunong'ona nyuma ya mkeka.