Jumapili uwanjani, Jumatatu sokoni: fundi Rubiah na breki za binti yake

Saa moja asubuhi, umande haujakauka kwenye lami ya uwanja wa mbio za magari wa Sepang, na Rubiah Sulong amekwishapiga magoti. Ushungi kaufunga nyuma, spana mkononi. Anang'oa pedi za breki kwenye gari dogo jekundu la binti yake, pedi mpya kabisa alizozifunga mwenyewe jana.

Binti, Syafika, kakaa juu ya tairi la akiba.

Walipokuwa wakija, taa nyekundu iliwaka kwenye njia panda ya Dengkil. Syafika akakanyaga breki, gari likaendelea. Akakanyaga kwa nguvu zake zote, likasimama pua ikikaribia kulibusu lori la mawese. Mama alikuwa kiti cha pembeni.

Pedi hazikuwa mbovu. Zilikuwa za mbio, na pedi za mbio zikiwa baridi hazishiki. Mpaka zipate moto ndipo zing'ate. Rubiah analijua hilo kuliko jina lake, na ndiyo maana leo uso wake hautazamiki.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, watu wenye magari ya kawaida wanaotaka kuonja mbio siku ya mapumziko hupitia kwanza gereji yake. Wote hutaka pedi kali kuliko zote. Naye huwauliza swali moja: "Jumatatu unampakia nani?"

Ukimjibu kwamba unapeleka watoto shule, basi umekwisha. Ubembeleze usibembeleze, atakufungia za kati, zinazoshika asubuhi ya baridi na kuvumilia moto kiasi, kisha akuagize upumzishe gari kila baada ya mizunguko michache. Vijana humwita mama mkwe. Wananuna, wanalipa, na wanarudi.

Jana hakuuliza. Gari hilo Jumatatu humpeleka yeye mwenyewe sokoni, na bado hakuuliza.

Sababu ameketi hatua chache kutoka hapo, anamimina chai ya maziwa kwenye vikombe vya plastiki. Ni Zamri, mdogo wake. Miaka mitatu iliyopita aliingia uwanja huu huu na pedi za kawaida, zile zilizokuja na gari kutoka dukani, bila kumwambia dada yake. Zilipopata moto zikawa zinateleza kama sabuni. Mwisho wa njia ndefu gari lilipitiliza hadi kwenye kokoto, likapinduka. Nyonga yake haikurudi sawa. Tangu siku hiyo Zamri hakai kiti cha mbele cha gari lolote, hata teksi.

"Dada anaogopa uwanja," anasema Zamri. "Mimi naogopa gari zima. Tumegawana."

Rubiah anafuta diski, anafunga pedi za kati, anakaza boliti. Halafu anasema, bila kugeuka, kwamba labda leo warudi tu nyumbani.

Syafika ameisubiri siku hii tangu apate leseni. Anainuka, anachuchumaa karibu na mama yake, anaongea taratibu.

"Mama, jana ulinichagulia mimi, au ulimchagulia mjomba?"

Spana inatulia.

"Nilimchagulia mjomba wako," anasema. "Nisamehe, mwanangu."

Kisha analichukua gari mwenyewe, analizungusha barabara ya nyuma ya uwanja, akikanyaga na kuachia bila kusimama kabisa, ili pedi mpya zizoeane na diski. Akirudi anatoa masharti. Mizunguko michache, mmoja wa mwisho wa polepole ili breki zipoe. Na akiegesha asivute breki ya mkono, kwa maana breki zingali na moto. Atawekewa tofali chini ya tairi.

Syafika anaingia. Rubiah anasimama ukutani, mwisho wa njia ndefu, mahali pale pale alipopindukia Zamri. Gari jekundu linakuja. Linafunga breki mapema, mapema kuliko magari ya wenzake wote, nalo linakata kona kwa adabu. Rubiah analia waziwazi, wala hajifichi.

Binti anaporudi, mkono unakimbilia breki ya mkono kwa mazoea, kisha anaurudisha mapajani. Mama amekwishaweka tofali.

Akiulizwa ana mpango gani, Rubiah hataji gereji kubwa wala mashine mpya. Anataka sikukuu ya Idi waende kwao Kelantan kwa mama yake mzazi kwa gari hili, Syafika akiendesha. Mama huyo hajawahi kumwona Zamri akishuka mlango wa mbele tangu ajali.

Zamri anakoroga chai iliyokwisha korogeka.

"Pedi zitakuwa hizi hizi?" anauliza.

"Hizi hizi."

Analitazama gari, kisha mlango wa mbele.

"Basi mbele nitakaa mimi," anasema. "Lakini redio naishika mimi."