Kiuno cha Soli

Fundi wa soli katika karakana yetu hapa Firenze, ambako mimi nashona ngozi za juu za viatu, hupima unene kwa kidole gumba. Pale katikati ya soli panapobana, tunapopaita kiuno, huchonga hadi abakize unene wa unywele tu kuufikia uzi unaoishikilia soli, kisha hupitisha kidole amefumba macho, akinichokoza: "Mama rozari, viatu vyako vya Jumapili vina kiuno cha gogo!"

Leo alipapasa mara tatu, akanisogezea kiatu. "Dada, hebu niangalizie. Kidole kimekufa ganzi."

Kisu kilikuwa kimekata mshono wote. Mungu anisamehe, nilitamani kumdanganya.

"Umekata uzi, kaka."

Akanipa kisu, mpini mbele. "Kifungie kabatini kwako. Kesho nikikuomba, usinipe."