Granada ya Kiti cha Saluni

Huguette alikuwa anasuka bila kuangalia mikono yake. Ukikaa kwenye kiti chake, katika saluni ya Constance iliyokuwa juu ya duka la viatu katikati ya jiji la Durban, ungeondoka jioni shingo inauma, kichwa kimependeza, na umeshamwaga siri ambazo hata mumeo hazijui. Ndivyo zilivyo rasta ndogondogo, hazina haraka. Mteja anakaa kutwa, magazeti yanamwishia, mwisho anafungua mdomo. Huguette hakuwa msemaji, lakini masikio alikuwa nayo, na masikio hayo ndiyo yaliyomponza.

Kwao ni Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Aliondoka mwaka 1997, akafika Durban kwa mabasi ya kuungaunga, akapanga chumba na wenzake kwenye fleti ya Greyville, dirisha linatazama uwanja wa mbio za farasi. Kila asubuhi aliwaona farasi wakisuguliwa na kufunikwa mablanketi, yeye akinywa chai kavu, na alikuwa na la kusema juu ya hilo ila hakulisema. Nyumbani alimwacha mama yake, mama Odette, mjane, pamoja na mdogo wake wa mwisho, Hardy. Huyo Hardy, Huguette alimbeba mgongoni tangu hajajua kutambaa. Sasa alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mwenye njaa isiyokwisha, na Huguette alimpenda kuliko mtu yeyote aliye hai.

Kila Jumapili akitoka kanisani alipitia kwa Baudouin, Mkongo wa Bukavu aliyeimba naye kwaya, mwenye kibanda cha simu karibu na kituo cha taksi. Kule Katuba simu ilipokelewa na jirani yao, Marie-Jeanne, na mama Odette anakuwa ameshakaa uani kwa jirani huyo, anangoja zamu yake ya kusikia sauti ya mwanawe.

Mwaka 1998 vita vilipowaka upya Kongo, mama Odette hakulia kwa sababu ya vita. Vita alivizoea. Alilia kwa sababu ya Afrika Kusini. Redio ilikuwa imesema wageni wametupwa nje ya treni inayokwenda, wamekufa, na tangu siku ile akawa anamwona binti yake ndani ya kila treni. Chakula hakikumpita kooni. Marie-Jeanne alimnong'oneza Huguette kwamba mama anakonda, hata kitenge hakimkai kiunoni. Na Huguette angejibu nini, kwamba huku ni kwema? Wiki ileile, kwenye foleni ya taksi, mwanamume mmoja alimtemea mate miguuni, akamwita kwerekwere, tusi wanalotukanwa wageni, na watu wazima waliokuwepo wakageukia pembeni.

Siku hizohizo mteja wake mmoja alirudi safari. Makena alikuwa Mkenya, anafundisha uchoraji wa majengo chuo kikuu, na alikuwa amekwenda Hispania, katika mji wa zamani uitwao Granada. Alikwenda kwa mambo mawili, alisema: kuangalia majengo na kula. Basi Huguette akasuka na Makena akasimulia. Kuna kasri jekundu juu ya kilima, walilijenga wafalme wa Kiislamu karne nyingi zilizopita. Kuta zake zimechongwa maandishi ya Kiarabu toka chini mpaka juu, na dari zina vishimo vishimo kama sega la nyuki. Maji yanapita vyumbani katika mifereji myembamba, unayasikia kabla hujayaona. Ng'ambo ya pili kuna mtaa wa nyumba nyeupe, vichochoro vinapanda mlima hadi magoti yanagoma. Ukichoka unaingia mahali, unaagiza kinywaji, na chakula kinakuja chenyewe: biringanya za kukaanga zenye asali ya miwa, konokono, paja la nguruwe lililokaushwa likakatwa nyembamba, mayai yaliyokaangwa na viazi. Ukiagiza kinywaji cha pili, inakuja sahani nyingine.

Mikono ya Huguette ilisimama. Aliuliza kama chakula hicho kweli hakilipiwi. Makena alicheka, akasema hakilipiwi, hiyo ndiyo desturi ya Granada. Wakati wa kuondoka alimwachia picha ya posta ya lile kasri, na Huguette akaibandika kwenye kioo.

Jumapili iliyofuata mama Odette alilia kwenye simu mpaka maneno hayakusikika tena. Huguette alitaka mama yake alale usiku mmoja tu, hakuwa na nia nyingine. Alifungua mdomo, Granada ikatoka.

"Mama, usilie tena. Nilishatoka Sud-Afrique. Niko Espagne, mu muji moya wanaita Granada."

Kule upande wa pili kilio kilikatika, kisha vikafuata vigelegele vya Marie-Jeanne, kisha vya uani kote. Baudouin, aliyekuwa amesikia kila neno, alimtazama mwimbaji mwenzake kama hajawahi kumwona. Alimwambia ayarudishe maneno yale Jumapili ijayo, kabla hayajaota mizizi. Huguette alikubali. Lakini Jumapili ilipofika, Marie-Jeanne alimpa habari kwamba mama amekula, amelala, ameomba hata nyongeza ya sombe, majani yake ya muhogo. Nani angekuwa na roho ya kumrudishia mama yake njaa? Huguette hakuwa nayo, nami sitasimama hapa kumhukumu.

Basi ikaendelea. Kila Makena alipokuja kufumua na kusuka upya, Huguette alimrudisha Granada, na Makena hakuhitaji kusukumwa. Jumapili yote yalikwenda Katuba: maji ya vyumbani, dari, vichochoro, kengele za kanisa kuu. Majirani wakawa wanakuja na vigoda vyao kusikiliza kinachotoka kwa mama Odette. Na tuseme kweli, binti alianza kuupenda mji ule. Siku alizotukanwa barabarani aliingia saluni, akaitazama picha kwenye kioo, akapumua.

Hardy ndiye aliyeharibu mambo, au ndiye aliyeharibiwa. Lubumbashi wakati ule kazi hakuna, unga unatafutwa kwa tochi, bukari, ugali wao, inaliwa mara moja kwa siku, na kwa kijana yule hiyo ilikuwa kama kutokula. Jumapili moja alimwomba mama simu aongee na yaya, yaani dada yake. Hakuuliza habari za kasri. Aliuliza juu ya chakula. Huguette, kwa kutaka kumchekesha, akamwandalia meza nzima, biringanya, nyama, mayai, sahani juu ya sahani.

"Yaya, kweli hawalipishe?"

"Hawalipishe. Unaomba ya kunywa, chakula inakuya yenyewe."

"Basi nitakuya."

Huguette alicheka. Vijana wote wa Katuba walikuwa wanakwenda Ulaya kila jioni, asubuhi bado wako palepale barazani. Akamjibu kama mtu anavyomjibu mtoto: njoo, nitakupokea. Hapo ndipo alipopaswa kusema ukweli. Alijua hivyo hata wakati ule, na akaweka simu chini.

Miezi haikupita mingi, mama Odette akamwambia kwa furaha kwamba Hardy ameshaondoka. Cherehani imeuzwa, pasta amembariki. Mama asingemruhusu mtoto aende kwenye nchi isiyo na mtu wake, alisema, lakini huyu anakwenda kwa dada yake. Huguette alishika ukingo wa meza ya Baudouin. Hakuwa na njia ya kumpata Hardy. Hardy ndiye aliyekuwa akipiga simu kwa Marie-Jeanne kila alipofika mahali, Kinshasa, Kameruni, Algeria, na kila mara alituma salamu zilezile: mwambieni yaya asihame.

Njia ya kumrudisha ilikuwa moja tu, nayo ilipita kwa mama. Angemwambia mama ukweli, mama angemwambia Hardy atakapopiga tena, na Hardy angegeuka. Huguette aliyapanga maneno hayo akisuka, akiyarudia njiani kwenda Greyville, akasimama kwenye robot, taa za barabarani, mpaka watu wakamsukuma. Jumapili aliyoazimia kuyasema, mama alimtangulia. Hardy yuko Moroko, alisema, anaona taa za Hispania kwa macho yake. Alikuwa na hofu ya bahari lakini hofu imemtoka, kwa sababu dada yake yuko ng'ambo.

Huguette akafikiri: nikiusema ukweli sasa, nitamvunja moyo mtoto wa watu katikati ya safari, hana mbele wala nyuma. Akajipa wiki moja ya kufikiri vizuri. Baudouin hakumkemea. Alisema tu, "Eish, dada, semaine moja ni mingi."

Ilikuwa mingi. Kijana wa Kirundi aitwaye Libère, aliyesafiri na Hardy, ndiye aliyempigia Marie-Jeanne. Mtumbwi wao ulipinduka karibu kabisa na ufuko wa Hispania. Libère alitolewa mzima. Hardy naye alitolewa, ameshakufa, akalazwa mchangani karibu yake, na Libère alimtambua kwa fulana. Polisi waliuchukua mwili. Libère aliwauliza watampeleka wapi, wakamwambia asipokuja ndugu atazikwa hukohuko bila jina.

Mama Odette alipoishika simu Jumapili hiyo hakulaumu mtu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Weye njo uko karibu, mutoto wangu. Enda umuzike. Usiache bageni bamutupe mu shimo. Umwaga udongo na mukono yako, kisha unipigie."

Kwao hilo si jambo dogo. Uani kwa mama Odette mikeka ilikuwa imeshatandikwa, wanawake wamelala chini, moto hauzimwi. Matanga hayaanuliwi mpaka ifike habari kwamba mtu wa damu amemwaga udongo. Bila habari hiyo watu hawaogi vizuri wala hawarudi makwao, na marehemu anahesabiwa kuwa bado yuko njiani. Lubumbashi nzima ya mama Odette ilikuwa inangoja mkono wa Huguette.

Na Huguette hata kulia hakuweza. Wakongo wa Durban wakisikia una msiba wanajaa kwako na masufuria, wanaimba, wanapiga simu kwao kutoa habari, na kabla ya wiki Katuba ingejua kwamba matanga ya Hardy yanalaliwa Greyville. Hivyo alivaa nguo zake za kila siku akaenda kazini. Baudouin alitafuta namba za Hispania kwa padri mmoja, akapiga na kupiga. Waliopokea walisema lugha yao, akajaribu Kifaransa, akajaribu Kiingereza, wakakata.

Katikati ya wiki Makena alikuja kusukwa. Huguette alifumua kichwa chote, ndipo akauliza, kule Granada, watu wanazikwa upande gani.

"Makaburi?" Makena alishangaa. "Huguette, mimi nilienda kuona majengo na kula. Sikuona kaburi hata moja."

Kisha akaangalia kioo, akauliza kama kuna shida. Huguette alisema hakuna, akamwomba ainamishe kichwa.

Jumapili aliingia kibandani kwa Baudouin akafunga mlango. Baudouin alikaa kwenye kiti chake akatazama sakafu. Mama Odette alipokea mwenyewe.

Huguette alimzika mdogo wake kwa kutumia vitu vya Makena, kwani hakuwa na vingine. Alisema amempata, amemwosha, uso wake ulikuwa mzuri. Alisema wamempandisha kwa vichochoro vyeupe, wanaume wanapokezana jeneza kwa sababu ya mlima, kengele za kanisa kuu zinalia. Kaburi linatazama lile kasri jekundu, na maji yanasikika pale. Udongo aliumwaga yeye. Baadaye wenyeji walileta chakula. Mama aliuliza chakula gani, na Huguette akavitaja, biringanya, mayai na viazi, nyama, sahani moja baada ya nyingine. Mama akauliza kama walilipishwa.

"Apana, mama. Hawalipishe."

"Mungu abariki bale batu," mama alisema, na kwa mara ya kwanza akalia kama watu wanavyolia. Nyuma yake Marie-Jeanne alipaza sauti kwamba amezikwa, amezikwa na dada yake. Huguette alisikia wanawake wakiinuka, mikeka ikikung'utwa na kukunjwa, mtu akiagiza maji ya kuoga. Matanga yalikuwa yanaanuliwa.

"Sasa usitoke huko tena," mama alisema. "Hata vita ikiisha, usirudie. Niko naweza kuvumilia nisikuone. Lakini ule mutoto asilale pekee yake. Uniahidi."

Huguette alitaka kuahidi. Uongo wote uliotangulia ulikuwa umetoka kwa ulaini, huu mmoja tu ukamkwama. Alimwona Hardy mchangani, na fulana yake, na watu wasiomjua wakimwinua, na akaona kwamba mama yake akifa leo atakufa ameridhika, na Hardy hatatafutwa na mtu yeyote duniani milele. Hilo lilimshinda.

"Mama," alisema, "miye siko Granada. Sikufikaka kule hata siku moya. Niko Durban, tangu mwanzo niko hapa Durban."

Baudouin alifumba macho. Kule Katuba mikeka ilikuwa bado inakunjwa, mtu fulani anacheka kidogo kwa uchovu, kwa maana wale hawakuwa wamesikia.  Sauti ya mama Odette haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayeuliza kitu anachotaka kujua.

"Basi mutoto wangu," alisema, "nani alimuzika?"