Kikwembe cha Honorable kwenye Kilio

Mudogo wangu Florentine amenichokesha mimi yaya, dada yake mukubwa, tangu tuko batoto. Masikio yake yanasikia wimbo tu, shauri hapana. Lakini hapa Baraka mutu akikufa, kilio hakianzi mbele Florentine hajafika. Kwetu mwenye kulilia maiti anataja mazuri yake na mabaya yake mbele ya bote, na hakuna wa kumunyamazisha. Ndiyo maana banamuamini. Siku atadanganya, atabakia kuimbia kuku zake.

Basi wakati wa kampeni, Honorable Roger akagawia bamama baimbaji bikwembe bya sura yake. Nikamuambia Florentine, "Usivae sura ya mutu. Kesho atakuomba sauti."

"Yaya, kikwembe ni kikwembe. Unataka nivae majani?"

Kisha mzee Eugène, baba ya Honorable, akakufa. Darius, mutu wa Honorable, akatufikia na maneno tayari mudomoni: Florentine aimbe kwamba marehemu alizaa mujenzi wa daraja ya njia ya Lubondja.

Daraja gani? Ule muto tunauvuka na viatu mukononi, kama wakati wa mama yetu.

"Umevaa chao," nikamuambia. "Sasa utafanya nini?"

Florentine akafika kwenye kilio na kikwembe kile kile, sura ya Honorable kwenye makalio.

Akaimba. Mzee Eugène, fundi wa nyavu, mwenye kulisha yatima ya wengine. Mzee Eugène, mwazimaji: mutumbwi wa jirani ulienda naye Kazimia, ukarudi umepasuka, akanyamaza. Batu bakalia kweli. Hata Honorable akapanguza macho.

Darius akamuinamia Florentine. "Mama, na daraja?"

Florentine akatia jibu ndani ya wimbo: "Daraja haijazaliwa, nitaililia namna gani?"

Na sisi bamama bote tukaitikia, maana mudomo umezoea kuitikia. Batu bakacheka mbele ya maiti.

Kesho yake Darius akakuja kunyanganya bikwembe. Florentine akamupa chake, amekifua, amekipiga pasi.

"Hamutaitwa tena kwenye sikukuu ya Honorable," Darius akasema.

"Tutangoja kilio chake," Florentine akajibu. Mutu wa namna gani huyu.

Haikukawia, Clarisse wa Lubondja akafiwa na bwana yake, akatuma ujumbe: mulete yule mama wa daraja. Florentine akavaa kikwembe chake cha zamani, pindo imepasuka. Kufika kwenye muto, akanitupia viatu.

"Yaya, shika. Mi natafuta sauti."

Nikavishika, pamoja na vyangu. Nifanye nini?