Siku Niliyogoma Kula Makambako

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu Njombe, akaone nilikokulia. Tuliposhuka Makambako nikamnunulia chipsi kuku na soda, nikamwambia ale ashibe. Akala, wala hakuinua uso kunitazama. Mimi nikabaki nimeishika soda yangu, nikamwonea wivu. Maana mimi, rafiki yangu, hadi leo mtu akininunulia soda Makambako siinywi kabla sijamuuliza: kuna nini?

Usinicheke. Ngoja nikusimulie, halafu uniambie kama ningekuwa mtu wa kuamini soda.

Nililelewa na bibi mzaa baba, kule kijijini Kifanya. Baba alishafariki, mama aliolewa kwingine, na mwenye kauli nyumbani alikuwa baba mdogo. Bibi alikuwa na neno moja kwa kila anayeondoka: "Mtu hatoki kwangu na njaa." Lori lipige honi mpaka lichoke, utakaa na utakula kwanza. Kwetu Wabena hiyo ilikuwa mila. Ukimsindikiza mtu tumbo tupu, umemtakia mabaya yeye na anayempokea, na kwa mtoto ndiyo usithubutu kabisa.

Sasa, miaka ile wasichana wa kwetu walikuwa wakichukuliwa kwenda Dar kulea watoto wa watu. Binti wa jirani, aliyenizidi darasa moja, alikwenda hivyo hivyo. Alinunuliwa viatu, akatembezwa mjini, akalishwa chipsi, kuku na soda, akapandishwa basi. Hakuonekana tena, hata Krismasi. Tuliobaki tukazijua dalili vizuri kuliko tulivyojua hesabu.

Kwa hiyo asubuhi ile ya baridi, Bibi aliponipaka mafuta mpaka magotini, akanivalisha viatu vipya alivyoleta baba mdogo, akasema, "Leo nakutembeza mjini," moyo ulinilipuka. Baba mdogo alikuwa mlangoni anatabasamu. Mtu yule hakuwa wa kutabasamu, labda awe ameshapata pombe yake ya ulanzi. Nikajisemea, mh! Hapa pana jambo.

Tulipata lifti kwenye lori la mbao, tukakaa mbele na dereva. Ukungu ulikuwa mzito, na harufu ya mbao mbichi za misindano ilijaa mpaka puani. Bibi alikipakata kikapu chake kilichofunikwa kanga. Siku zote kikapu nilibeba mimi, siku hiyo alinikataza hata kukigusa. Nikajua nguo zangu zimo mle.

Njombe alinitembeza kama mgeni. Tulikwenda kwenye maporomoko ya Ruhuji, maji yakaturushia manyunyu usoni, Bibi akacheka peke yake. Tukaziona nyumba za wakati wa mkoloni, tukalizunguka kanisa la zamani ambalo kengele yake, alisema, ndiyo ilimwamsha siku ya harusi yake. Yalikuwa mambo mazuri, nami nilikuwa nayaona kwa jicho moja tu. La pili lilikuwa linamlinda Bibi, na kila mwanamke aliyevaa vizuri.

Sokoni akanipa mapichesi. Nikasema sitaki. Tukaingia hotelini, ikaja supu ya moto, chapati na chai ya maziwa inayotoa moshi. Tumbo lilikuwa linanguruma hata mhudumu alisikia.

"Sina njaa, Bibi."

Ungemjua Bibi ungeshangaa kama mimi. Huyu ndiye aliyekuwa akinifinya paja nisipomaliza kande. Siku hiyo aliniangalia kidogo, akasema, "Haya," akaivuta chapati yangu akaila yeye. Wasiwasi ukanizidi.

Mchana tukapanda Kosta kwenda Makambako, eti nikaone treni. Kweli tulisimama stesheni, upepo ukitupiga vumbi, tukaiona treni ya mizigo ikipita taratibu. Halafu Bibi akanishika mkono tukaenda mpaka hoteli moja jirani na stendi. Na pale, kwenye meza ya pembeni, alikuwepo. Mama mmoja nisiyemjua, mwenye miwani ya jua na mkoba unaong'aa, ananukia manukato.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jamani, umekua!"

Akaagiza chipsi, kuku na soda. Vyote vitatu. Nikabana midomo mpaka ikauma.

"Kula, mwanangu. Safari ni ndefu."

Safari ni ndefu! Machozi yakaanza kunitoka, nikayaacha yadondoke kwenye sahani. Nilimtazama Bibi anisaidie, yeye anakula paja la kuku bila haraka, kama mtu aliye harusini. Nilimchukia, nakwambia ukweli. Nilimchukia kuliko baba mdogo.

Basi la Dar likapiga honi. Yule mama akasimama, akanishika mkono. Hapo Bibi akajifuta vidole kwenye kanga.

"Mtoto hajala tangu asubuhi."

"Atakula njiani, mama."

"Wewe ni Mbena kama mimi. Unaijua habari hii. Mimi sijawahi kumtoa mtoto na njaa, na sitaanza leo kwa uzee huu. Lakini kama wewe huogopi, mchukue na njaa yake."

Yule mama akanitazama, akaitazama sahani iliyopoa. Akauachia mkono wangu upesi, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Sasa baba yake mdogo nimwambie nini?"

"Mwambie mtoto kagoma kula. Si uongo."

Basi likaondoka bila mimi. Kwenye Kosta ya kurudi Bibi akakifunua kikapu, akatoa viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Vilikuwa vya baridi. Nilivila mpaka vikanikwama kooni. "Taratibu," akasema. Nyumbani baba mdogo alifoka, lakini mila ilikuwa yake pia. Alinuna mpaka mvua zikaanza, na habari ya Dar haikurudi tena.

Miaka yote hiyo nimejisifu kwamba nilikuwa mtoto mjanja, kwamba nilimshinda Bibi. Yeye amelala Kifanya, misindano imeota mpaka jirani na kaburi. Hoteli ile ya Njombe sasa ni duka la simu. Ile mila nayo imekwisha. Siku hizi msafiri anapewa biskuti na maji ya chupa, akale mbele ya safari.

Basi nilikuwa pale Makambako, namtazama binti yangu anavyojilamba vidole, ndipo wazo likanijia. Viazi. Nani anaamka alfajiri kuchemsha kikapu kizima cha viazi, siku anayokwenda kumlisha mtoto hotelini? Bibi alivichemsha kabla sijavaa vile viatu. Alijua nitagoma, alijua nitarudi naye, na alijua nitarudi na njaa. Asingeweza kumkatalia baba mdogo, wala kuniambia mimi, kwa jinsi mdomo wangu ulivyokuwa hauna kufuli. Akaniacha nimchukie kutwa nzima.

Ee Bibi yangu! Nami sikuwahi kumwambia hata asante.

Binti yangu akaniuliza mbona nalia. Nikamwita mhudumu, nikamuuliza kama wana viazi vya kuchemsha, vya chumvi tu.

"Hatuna, dada," akasema. "Siku hizi tunakaanga tu."